Nne kwa Mia

Saa mbili kamili asubuhi, siku ya gulio, Nakiete Mrutu alisimama mbele ya mito mitatu akitakiwa kuchagua mmoja, na moyo ulikuwa ukimwenda mbio. Miaka sita katika kazi ile, na bado kila asubuhi ilimsisimua.

Mito yenyewe haikuwa ya maji. Ilikuwa miigo, yaani mito ya kuigizwa ndani ya mashine, kwenye Kituo cha Miigo kilichojengwa kilimani, na yote mitatu ilikuwa mto mmoja: Ngelewe, huo unaoshuka kutoka milima ya Upare na kupita pembeni mwa mji wa Mkomangwe. Siku nyingi za mwaka Ngelewe ni mchanga mtupu wenye kijito cha kuruka. Siku chache, Mungu apishe mbali, ni tope linaloshuka kwa kasi likisukuma mawe makubwa kuliko ng'ombe.

Wa kwanza uliitwa Mwigo wa Anga. Huo uliangalia mawingu kwa setilaiti na ulikuwa mwoga kupindukia. Kawingu kakijitokeza tu, wenyewe unataka watu wahame. Wa pili, Mwigo wa Mto, ulisoma vipimo vilivyofukiwa mchangani karibu na mji. Ulikuwa mkweli sana, ila ukweli wake ulifika pamoja na maji. Wa tatu ndio uliokuwa kipenzi cha Nakiete, Mwigo wa Ndiva. Huo ulijifunza mto kutoka kwa walinzi wa ndiva, yale mabwawa ya milimani ambamo maji ya kumwagilia hulazwa usiku yakisubiri zamu za mashamba. Kwa miaka arobaini walinzi wale wamekuwa wakichomeka ufito wenye alama bwawani na kuandika kwenye daftari: mvua imeanza saa ngapi, maji yamefika alama ipi. Hakuna setilaiti iliyowahi kuujua mlima namna ile.

Nakiete aliushika muhuri wake, kidude cha shaba kikubwa kidogo kuliko kifungo cha koti, akaubandika kwenye Mwigo wa Ndiva. Mashine ikalia mara moja, maandishi mekundu yakatokea: UMEFUNGWA. Kuanzia hapo hadi kesho yake saa mbili, hapakuwa na mtu, awe mkuu wa wapi, mwenye ruhusa ya kubadili mwigo wala kugusa tarakimu zinazoingia ndani yake. Hiyo ndiyo sheria ya Mkomangwe, na hata watoto wa chekechea waliijua: mwigo huchaguliwa kabla ya jibu kuonekana. Ndiyo maana mitaani walimtania kwa kumwita Mama Kabla.

Sheria haikudondoka tu kutoka mbinguni. Miaka kumi na minne nyuma kituo kilikuwa na mkuu mmoja mwenye tabasamu zuri. Mgeni mheshimiwa alikuwa anakuja kuzindua gulio, na mwigo ukatoa hatari ya sitini kwa mia. Bwana mkubwa akaubadili, akapata hamsini. Akagusa tarakimu hapa, akapunguza mvua pale, mara kumi na moja mfululizo, mpaka akapata tisa, halafu akashuka mjini na tisa yake. Wiki ile walizikwa watu thelathini na wawili, na mmoja wao alikuwa mke wa Mzee Elinihaki Kilave. Ni Mzee Kilave aliyeiandika sheria ya muhuri kwa mkono wake mwenyewe. Ndiye pia aliyemvalisha Nakiete muhuri ule shingoni, na siku hiyo alimwambia kwamba akiuvunja, hata kwa sababu nzuri namna gani, yeye atakuja kuuchukua, na Nakiete hatauvaa tena.

*

Saa nne jibu lilitoka. Mashine ilikuwa imeujenga mto wa Ngelewe mara elfu kumi, kila mara ikibadili kidogo mvua, udongo na upepo, kisha ikahesabu ni mara ngapi mji ulifurika. Mara mia nne. Nne kwa mia.

Ubao mkubwa wa gulio ukaandika 4, na shangwe ikapanda mpaka kilimani. Unaambiwa watu elfu moja na mia mbili walikuwa wamesimama ukingoni na magunia yao ya tangawizi wakiisubiri namba hiyo tu, kwa sababu ikiwa chini ya kumi huruhusiwa kushuka kutandaza bidhaa kwenye mchanga wa mto, penye kivuli na nafasi. Ikifika arobaini king'ora hulia chenyewe. Wakashuka kwa vifijo, "Nne! Nne!", na wa mbele kabisa alikuwa mama yake Nakiete, Bi Namcheja, ambaye hajawahi kukosa ile sehemu yake chini ya mgunga.

Milima ilikuwa imejifunika wingu zito tangu asubuhi, na Nakiete mwenyewe lilimtia wasiwasi. Akasoma maelezo ya mwigo. Yalisema hivi: Ndiva ya Vumbiko, mvua kubwa imeanza 3:00. Maji huchukua saa mbili na nusu kufika mjini. Mto haujapanda. Ardhi imekunywa.

Akashusha pumzi. Ardhi imekunywa, ashukuriwe Mungu. Akamimina chai.

*

Saa nne na dakika thelathini na tano simu ililia. Alikuwa Mama Nambike, mlinzi wa Ndiva ya Vumbiko, na Mama Nambike si mtu wa kuanza na habari kabla ya salamu. Nakiete alimwamkia, akaulizwa habari za asubuhi, za mama yake, za mguu wa mama yake, za kazi, na za kikohozi cha mwaka jana ambacho Nakiete alikuwa ameshakisahau. Ndipo likaja lenyewe: yale mabuti ya mvua waliyoahidiwa walinzi, yako wapi? Maana leo amesimama matopeni na viatu vya kanisani.

"Mvua imewakuta kanisani?" Nakiete aliuliza kwa kumchangamsha tu.

"Kanisani wapi, leo Alhamisi. Nilikuwa navivaa niende kwenye kikao cha wazazi shuleni. Nafunga kamba tu, inaanza, saa tatu ile ile. Mpaka sasa haijakata, mwanangu. Ndiva imejaa, imepasua ukingo, maji yote yameingia korongoni kuja kwenu huko."

Nakiete alikitua kikombe. Kikao cha wazazi ni cha asubuhi. Akatazama kioo: 3:00. Akaitazama saa ya mashine yenyewe kwenye kona ya juu, ile ambayo kila siku aliiona bila kuiangalia. Ilisoma 10:36.

Lahaula. Mashine ile ilitengenezwa na watu ambao siku yao huanza usiku wa manane, na kwao tatu ni saa tisa ya usiku. Ilikuwa imesadiki kwamba Vumbiko mvua ilianza saa tisa usiku, ikangoja maji saa kumi na moja na nusu alfajiri, haikuyaona, ikahitimisha kwa kujiamini kabisa kwamba ardhi imeyanywa. Kumbe mvua ilikuwa imeanza saa tatu asubuhi, na maji yalikuwa njiani.

Miaka yote ya nyuma kosa hilo halikutokea kwa sababu ya mtu mmoja, karani Makange, aliyekuwa akiyaingiza madaftari kwa mkono na kuongeza sita kichwani bila hata kujua kwamba anaongeza. Makange alistaafu mwaka juzi. Mahali pake ikaja mashine ya kusoma picha za daftari, nayo masika yaliyopita yalikuwa ya kudondosha tu, hayakuijaribu. Na hakuna mtu Mkomangwe aliyefikiria kuieleza kwamba tatu yetu ya asubuhi ni tisa yake, kwa sababu hakuna mtu Mkomangwe ambaye tangu azaliwe ameamka asubuhi akakuta saa tatu ni kitu kingine. Nakiete mwenyewe, msomi mzima, alikuwa ameisoma 3:00 ile ile kwenye kioo akaielewa vizuri kabisa, wala hakushtuka.

Nne, tano, tano na nusu. Saa mbili na nusu kutoka saa tatu ni saa tano na nusu. Zilibaki dakika hamsini na kitu, na watu elfu moja na mia mbili walikuwa wamekaa mchangani kwa ajili ya namba yake.

*

Alimpigia Mzee Kilave, mdhamini wa kituo, aliyekuwa mjini wilayani, mwendo wa saa nzima. Akamweleza kila kitu kwa pumzi moja. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema sheria inajulikana: muhuri uliokwisha kuona jibu hufunguliwa na wadhamini watatu wakikaa pamoja, na kuwakusanya kunahitaji saa mbili.

"Mzee, hatuna saa mbili. Nina uhakika."

"Mama yako yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko mchangani."

"Basi huna uhakika. Una mama." Sauti yake haikuwa ya ukali, na hilo ndilo lililomuumiza. "Yule bwana naye alikuwa na uhakika, Nakiete. Kila anayevunja muhuri ana sababu nzuri. Siwezi kukuruhusu."

Simu ilipokatika aliketi, na kwa dakika moja nzima, dakika ya thamani, alijichunguza. Je, kama mama angekuwa amebaki nyumbani na mguu wake? Je, angeliona kosa hili, au angemalizia chai yake? Akachukua karatasi, akapiga hesabu upya bila kumfikiria mtu: tatu, ongeza sita, tisa. Ongeza mbili na nusu. Akapata kile kile. Hesabu haikuwa na mama.

Alijaribu kwanza njia isiyovunja kitu. Alichukua kipaza sauti cha kituo, akatangaza kwamba yeye, Nakiete Mrutu, anawaomba watu watoke mtoni sasa hivi, mwigo una kosa, maji yanakuja. Kupitia darubini aliviona vichwa vimeinuka. Kisha akaona vidole vikiuonyesha ubao, na watu wakicheka. Wachache walikunja maturubai yao. Wengine waliendelea kupima tangawizi.

Mama yake akapiga simu, nyuma yake makelele ya soko. Alitaka kujua kama mwanawe amepata kifungua kinywa.

"Mama, toka hapo. Nakuomba."

"Ubao wako unasema nne."

"Ubao umekosea."

"Haujakosea hata siku moja," alisema Bi Namcheja, kwa fahari ya mzazi. "Wewe ndiye uliyetufundisha, Nakiete. Mtu aseme lake, sisi tufuate ubao."

Hapo ndipo alipojua kwamba ameifanya kazi yake vizuri mno. Miaka sita amewafundisha watu wasimsikilize mtu yeyote, na somo limeingia, naye ni mtu.

*

Saa nne na dakika hamsini na sita alibandika muhuri kwenye mashine, akakibana kidole gumba juu yake, akataja majina yake yote matatu kama utaratibu unavyotaka. Mashine ilimwonya mara moja. Akataja tena. Maandishi mekundu yakafutika, na miigo yote mitatu ikamfungukia na majibu yake.

Anga, 44. Mto, 2. Ndiva, 4.

Haya, mtazame sasa. Arobaini na nne ile ilikuwa inamwita. Angesogeza kidole tu kwenda kwenye Mwigo wa Anga, king'ora kingelia papo hapo, asingegusa tarakimu hata moja. Mkono wake ulifika nusu ya njia. Lakini Anga ilikuwa imetoa arobaini na nne kwa woga wake wa kila siku, haikujua lolote juu ya Vumbiko, na kuokota mwigo kwa sababu jibu lake linakufaa ndiyo ile ile kazi ya bwana mwenye tabasamu. Akaurudisha mkono. Alibaki na Ndiva, akafungua daftari la Mama Nambike, akaifuta tatu na kuandika tisa. Basi. Hakugusa kingine.

Mashine ikaanza kuijenga mito yake elfu kumi upya. Sekunde ishirini, thelathini. Nakiete alijikuta amesimama na mikono kichwani. Ikatoka: tisini na tatu.

King'ora kilipasua anga. Ubao uligeuka 93, na vicheko vyote kule mchangani vikakatika kwa mpigo mmoja. Alikishika kipaza sauti akawaelekeza: wa chini waende kiwanja cha shule, wa juu wapande ukingo penye mgunga, acheni magunia, mbebeni Babu Sekimweri na kiti chake. Nao, jamani, waliondoka! Hakuna aliyesimama kuuliza. Wanaume wawili walimwinua babu na kiti chake, akina mama walishikana mikono kupanda ukingo, mbuzi wa mtu walipanda wenyewe bila kusubiri kuambiwa. Mama yake alionekana akivutana na gunia, akasukumwa, akaliachia, akapanda akilitazama. Saa tano na dakika ishirini mchanga ulikuwa mtupu, tangawizi tu imetandazwa pale na mizani zimesimama peke yake. Nakiete alicheka na kulia kwa pamoja na wala hakujiuliza kwa nini.

Saa tano na dakika thelathini na mbili mngurumo ulisikika kwanza, halafu tope likageuza kona, refu kuliko mlango wa nyumba. Mizani zikaenda. Ule mgunga wa Bi Namcheja ukainama polepole, ukaenda nao.

Watu waliokufa: hakuna hata mmoja.

*

Mzee Kilave alifika saa tisa alasiri, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Aliwakuta watu wote kwenye kiwanja cha shule, na Nakiete katikati yao akikumbatiwa na asiowajua.

Lakini kabla yake lilikuwa limepita jambo. Mwenyekiti wa gulio, Bwana Mchome, mtu mwenye maneno machache na akili nyingi, alikuwa amezunguka kiwanja kizima akinong'ona. Kwa sheria ile, mashine haitoi ushahidi, maana mashine ya yule bwana wa zamani ilikutwa imefutwafutwa kumbukumbu. Ushahidi ni wa midomo ya watu: lazima apatikane mtu aliyeliona jibu la kwanza kabla muhuri haujavunjwa. Pasipo shahidi, jibu la kwanza halikuwepo, na Mama Kabla anabaki na muhuri wake. Basi kila mtu akubaliane na mwenzake kwamba leo hakuona namba mpaka king'ora kilipolia. Ubao ulikuwa na vumbi. Hakuna hata mmoja aliyekataa. Kumkinga aliyekuokoa, hilo nalo linataka kikao?

Nakiete aliambiwa mwisho, na mama yake mzazi. Alitaka kusema kitu, lakini mzee alikuwa ameshafika.

Mzee Kilave hakumsalimia. Alisimama juu ya ngazi za darasa, akafungua daftari lake, akawashukuru watu kwa kuondoka upesi. Kisha akauliza.

"Nani kati yenu aliiona nne?"

Watu elfu moja na mia mbili, ambao asubuhi ile ile waliiimba nne ile kwa vifijo, walitazama vidole vya miguu yao. Mtoto mmoja alilia akanyamazishwa. Mzee alisubiri. Alikuwa anajua, ilionekana wazi kwamba anajua, na kalamu yake ilikuwa tayari kuandika kwamba hakuna.

Nakiete aliuhisi ule utamu. Hakutakiwa hata kusema uongo, alitakiwa kunyamaza tu pamoja na wenzake. Akawatazama watu wake, akawapenda sana, na akaogopa. Kwa sababu siku nyingine kutakuwa na mtu mwingine kilimani, mwenye tabasamu zuri labda, na umati huu huu utakuwa unaitaka tisa.

Akainua mkono.

"Niliiona," alisema. "Niliivunja baada ya kuiona. Baada, Mzee, si kabla."

Kiwanja kizima kiliguna. Bwana Mchome alijishika kiuno kwa kukata tamaa. Halafu mtu alisonya kwa sauti, na kwa sonyo lile tu Nakiete alijua ni nani. Bi Namcheja alikuwa ameinua mkono wake, udongo wa tangawizi bado uko kwenye kucha.

"Na mimi niliiona," alisema kwa hasira, machozi yanamtoka. "Nilishuka mchangani kwa sababu niliiona."

Mikono mingine ikafuata, mmoja mmoja, kwa shingo upande. Mzee Kilave aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alishuka ngazi na kunyoosha kiganja, na Nakiete akauvua muhuri akamkabidhi. Shingo yake ilikuwa nyepesi ajabu. Alidhani ataumia zaidi.

"Kesho saa mbili lazima mtu achague," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Ungekuwa wewe, ungechagua upi?"

"Ndiva," alijibu bila kufikiri. "Ila iwekewe karani. Mtu wa kuongeza sita."

Mzee aliutia muhuri mfukoni, akaanza kuondoka taratibu akilikwepa tope. Alipofika kwenye geti la shule aligeuka.

"Karani havai muhuri," alisema. "Fika kabla ya saa mbili."